Kumpiga picha kiwavi kwa karibu kwa mwanga wa asili: mwongozo kamili kwa wapiga picha wa Nairobi

Kiwavi ana mwili wa mviringo na ngozi laini inayong'aa. Mambo hayo mawili ndiyo yanayoharibu picha zake nyingi. Jua la saa tano likimwangukia mgongoni, mgongo unatoa doa jeupe lisilo na rangi yoyote, huku tumbo na miguu vikizama gizani. Hakuna kamera itakayokurudishia rangi iliyoungua namna hiyo, wala programu ya kuhariri.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na mwanga, kisha ndiyo kamera. Kipande cha pazia jeupe kilichofungwa kwenye waya kitakubadilishia picha kuliko lenzi mpya, na mtu mwenye simu na kitambaa hicho atampita mwenye kamera ghali anayepiga juani. Ukiwa na pesa ya kununua kitu kimoja tu, usinunue chochote kabla hujatengeneza kitambaa.

Mwanga wa Nairobi ulivyo

Nairobi iko zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa kumi na mbili na dakika arobaini mwaka mzima, na likishachomoza hupanda karibu wima, takriban nyuzi 15 kwa saa. Kufikia saa tatu asubuhi limeshapita nyuzi 30, na vivuli vimeanza kuwa vifupi na vikali. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, adhuhuri jua hukaa utosini kabisa. Ule mwanga wa dhahabu unaosifiwa na waandishi wa nchi za kaskazini, unaodumu saa nzima na zaidi, hapa kwetu ni wa kupita tu.

Muda wa kazi basi ni kuanzia saa moja kasorobo hadi saa tatu asubuhi, kisha saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili na robo jioni. Asubuhi ni bora kwa sababu tatu. Upepo huwa umetulia. Umande bado uko kwenye majani. Na baridi humfanya kiwavi awe mzito wa kusogea, kwa kuwa mwili wake hupata joto kutoka nje. Jioni mwanga ni mzuri vilevile, ila upepo wa mchana mara nyingi huwa haujakatika.

Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hufunika jiji, pengine siku nzima. Watu hulalamikia baridi, lakini kwa kazi hii wingu zito ni zawadi: mwanga unatoka angani kote, hauna kivuli kikali, na unaweza kupiga hata saa saba mchana. Viwavi wenyewe huwa wengi zaidi mvua ikishachipuza majani mapya, yaani kuanzia Aprili, na tena Novemba na Desemba.

Mahali pa kuwapata

Huhitaji kwenda mbali. Mlimau au mndimu wa uani, mstari wa sukuma wiki, viazi vitamu kando ya ua, mahindi ya shamba dogo: kila mmea una kiwavi wake.

Kwenye milimau yupo kiwavi wa kipepeo *Papilio demodocus*. Akiwa mchanga ni mweusi na mweupe kama kinyesi cha ndege, na hiyo ndiyo kinga yake. Akikomaa anageuka kijani na kufikia sentimita 4 na kitu. Kwenye mimea ya utomvu mweupe kama *Gomphocarpus* utampata wa *Danaus chrysippus*, mwenye mistari ya nyeusi, nyeupe na manjano, na jozi tatu za nyuzi nyeusi mgongoni. Huyo ni rahisi kumpiga kwa sababu hajifichi. Usijisugue macho baada ya kushika mmea wake, maana utomvu una sumu. Kwenye viazi vitamu yuko wa nondo *Agrius convolvuli*, mnene, mwenye pembe nyuma. Kwenye sukuma wiki kuna mdogo wa kijani wa milimita 10 hivi, *Plutella xylostella*. Ukimgusa anajinyonganyonga na kujiangusha akining'inia kwa uzi wa hariri. Subiri dakika moja au mbili na atapanda tena.

Ukitaka msitu, kuna Karura, Arboretamu, City Park, msitu wa Ngong Road na Oloolua. Uliza langoni kuhusu ada na masharti ya kupiga picha kabla ya kuingia, hasa kama kazi yako ni ya biashara au umebeba stendi ya miguu mitatu. Usitoke na kiwavi wala tawi.

Kumwona ni ufundi wake. Usimtafute kiwavi, tafuta kinyesi. Vijidonge vyeusi au vya kijani juu ya jani la chini vinakuambia utazame juu yake. Vikiwa vya kijani na vyenye unyevu, yuko karibu sana. Vikiwa vikavu na vyepesi, pengine alishahama. Kisha angalia majani yaliyoliwa kingo na ulipite kila moja kwa upande wa chini, ukiwa umesimama pale ambapo jua liko nyuma ya jani. Kivuli chake kitaonekana kikipenya jani kabla hujamwona mwenyewe.

Vifaa vya kamera

Lenzi ya makro (ya kupiga vitu vidogo kwa karibu) ya milimita 90 hadi 105 ndiyo raha ya kazi hii. Inafika ukubwa wa 1:1, yaani kitu cha milimita 10 kinachukua milimita 10 za sensa (kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga), na ikiwa hapo inakuachia takriban sentimita 13 hadi 15 kati ya kioo cha mbele na kiwavi. Nafasi hiyo ndiyo unayonunua. Lenzi fupi ya milimita 50 au 60 itakusogeza karibu kiasi kwamba kivuli cha lenzi yenyewe kinamfunika kiwavi.

Kama huna makro, kuna njia mbili za kuaminika.

Ya kwanza ni kioo cha kukuza kinachofungwa mbele ya lenzi ndefu uliyo nayo. Kioo cha dayopta +4 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya kioo) juu ya lenzi ya milimita 200 iliyowekwa fokasi ya mbali kabisa kinakupa ukubwa wa 0.8, na umbali wa sentimita 25 kutoka kwenye kioo. Hiyo ni nafasi kubwa kuliko ya makro nyingi. Nunua chenye vioo viwili vilivyogandishwa pamoja. Cha kioo kimoja huacha kingo za zambarau kuzunguka kila unywele.

Ya pili ni pete tupu za kurefusha, zinazokaa kati ya kamera na lenzi. Hesabu yake ni rahisi: urefu wa pete ugawe kwa urefu wa lenzi. Pete ya milimita 25 kwenye lenzi ya milimita 50 inaongeza ukubwa wa 0.5. Chagua zenye vishikizo vya chuma vinavyopitisha umeme. Za bei ya chini kabisa hazina, na bila hivyo kamera nyingi za sasa haziwezi kufunga tundu la lenzi, ukabaki unapiga kwa f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana) na fokasi ya nusu milimita.

Wapo wanaogeuza lenzi nyuma mbele. Inafanya kazi mezani. Nje haifai kwa anayeanza, kwani kioo cha nyuma kinakaa wazi kwa vumbi na umande.

Kitambaa cha kulainisha mwanga, na karatasi ya kurudisha mwanga

Chukua waya wa hanga mbili na uukunje mduara wa kipenyo cha sentimita 30. Mduara peke yake unakula sentimita 95 za waya, na kinachobaki kigeuze kipini. Kata kipande cha pazia jepesi la mitumba, sentimita 40 kwa 40, ukishone au ukibane kwa vibanio vya nguo. Kiwe cheupe kabisa. Cha rangi ya maziwa kitampaka kiwavi umanjano ambao utahangaika kuuondoa.

Kijaribu kabla ya kutoka. Juani, shika kalamu sentimita 5 juu ya karatasi nyeupe, na kitambaa sentimita 15 juu ya kalamu. Kivuli cha kalamu kikiwa bado na kingo kali, kitambaa ni chepesi mno. Ongeza tabaka la pili. Kivuli kikipotea kabisa, mwanga utakuwa bapa na kiwavi hatakuwa na umbo. Unataka kivuli kinachoonekana lakini kisicho na mpaka.

Umbali unabadilisha kila kitu. Kitambaa cha sentimita 30 kikiwa sentimita 15 kutoka kwa kiwavi, kwake ni anga pana. Ukikisogeza hadi mita moja, kinakuwa doa dogo la mwanga na ule mng'ao mkali unarudi. Kilete karibu hadi ukione kikiingia ukingoni mwa picha, kisha kirudishe nyuma kidogo tu.

Karatasi ya kurudisha mwanga ni kadi ya ukubwa wa nusu A4. Upande mmoja gundisha manila nyeupe, upande wa pili foili ya jikoni iliyokunjwakunjwa na kunyooshwa tena. Iweke chini ya kiwavi, umbali wa sentimita 10, ili tumbo na miguu vipate mwanga. Tumia upande mweupe karibu kila wakati. Foili ni ya chini ya miti mizito, pale mweupe unaposhindwa.

Jambo dogo linalosahaulika: ngozi inayong'aa inaonyesha rangi ya nguo zako. Ukivaa koti jekundu, ubavu wa kiwavi utakuwa na wekundu. Vaa kijivu, nyeupe au kijani kilichofifia.

Hatua kwa hatua: kiwavi wa mlimau

Tumchukue kiwavi wa *Papilio demodocus* aliyekomaa, mwenye urefu wa milimita 45, aliyetulia juu ya jani saa mbili asubuhi.

1. Mtazame dakika mbili kabla ya kutoa kamera. Anakula, anatembea au ametulia? Anayekula hutikisa kichwa bila kukoma, lakini mwili hauondoki. Aliyetulia ndiye wa kuanzia. Kama ametulia kabisa na nyuma ya kichwa pamevimba, yu karibu kujivua ngozi. Huyo mpige, lakini usimsogeze hata kidogo wala usikate jani: ameshikilia zulia la hariri alilolifuma, na akibanduka hapo anaweza kushindwa kutoka kwenye ngozi ya zamani.

2. Angalia nyuma yake kabla ya kumwangalia yeye. Sogeza kichwa chako sentimita mbili kushoto, kisha kulia, hadi vipande vyeupe vya anga vinavyochungulia kati ya majani vitoke nyuma yake. Majani yaliyo sentimita 30 nyuma yake yatayeyuka kuwa kijani kimoja safi. Yaliyo sentimita 3 nyuma yatabaki na mistari ya kusumbua. Jani linalokera lishikilie pembeni kwa kibanio cha nguo, usilichume.

3. Shuka hadi usawa wake. Picha ya kiwavi kutoka juu ni picha ya mgongo. Uso wa sensa uwe sambamba na ubavu wake, kuanzia kichwa hadi mkia. Ukipinda nyuzi chache tu, mkia unatoka nje ya fokasi.

4. Weka kitambaa upande wa jua. Chagua pembe ambayo jua linatoka ubavuni na nyuma kidogo, si mgongoni mwako. Mwanga wa ubavuni ndio unaoonyesha mikunjo ya ngozi na matundu ya kupumulia yaliyopangwa kando ya mwili. Karatasi nyeupe ikae upande wa kivuli, chini.

5. Weka ukubwa wa picha. Kwa sensa kamili ya milimita 36, kiwavi wa milimita 45 hawezi kuenea kwa 1:1. Kwa 0.7 atachukua milimita 31 na kujaza picha, kwa 0.5 ataacha nafasi ya jani. Kwa sensa ya APS-C, yenye upana wa milimita 23 hivi, usizidi 0.45. Weka namba hiyo kwenye lenzi na usiiguse tena.

6. Piga ya kwanza ukiwa mbali, kisha sogea. Usiruke hatua hii. Ukimkaribia ghafla, kivuli chako kikampita au pumzi yako ikamfikia, atatoa ile pembe ya nyama yenye ncha mbili kutoka nyuma ya kichwa, ya rangi ya machungwa kuelekea wekundu, pamoja na harufu kali. Wengine humchokoza makusudi ili waipate. Tunasema wazi kwamba si vizuri: anatumia nguvu anayohitaji kukua, na kiwavi aliyeshtuka hujikunja kwa muda mrefu. Pumua kupitia puani, ukielekeza uso pembeni.

7. Fokasi iwe kwenye macho halisi. Madoa mawili makubwa anayoonekana nayo kama macho ni vitisho tu, yako kifuani. Kichwa chenyewe ni kidogo, kimeinama chini mbele yake, na kila upande kina macho sita madogo, vidoto vyeusi vilivyo karibu na taya. Fokasi ikikaa kwenye madoa ya uongo, mtazamaji ataona mwili mkali na uso uliofifia, na hatajua kwa nini picha inamsumbua.

8. Piga mfululizo wa picha tano hadi kumi, kisha kagua kwa kukuza hadi asilimia 100 hapohapo. Kwenye skrini ndogo ya kamera, kila picha inaonekana kali.

Namba za kamera, na kwa nini ni hizo

Fokasi ya karibu ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Kwa sensa kamili na ukubwa wa 1:1, f/8 inakupa kina cha ukali cha milimita 1 hivi tu. Ukirudi nyuma hadi 0.5, f/8 inakupa karibu milimita 3, na f/11 karibu 4. Kiwavi wetu ana unene wa milimita 8 hivi. Ukimpiga ubavuni unahitaji ukali kutoka ubavu wa karibu hadi katikati ya mwili, yaani milimita 4. Ndiyo maana f/11 kwa 0.5 inamtosha kamili.

Kwa nini usifunge hadi f/22 ujipatie kina zaidi? Kwa sababu ukikuza, tundu linafanya kazi kana kwamba ni dogo zaidi. Zidisha namba ya f kwa jumla ya moja na ukubwa: f/16 kwa 1:1 inakuwa sawa na f/32, na hapo mwanga unatawanyika ukingoni mwa tundu hadi nywele zote zinapoteza ukali. Baki kati ya f/8 na f/11.

Hesabu hiyohiyo inakula mwanga. Kwa 1:1 unapoteza stopu mbili, yaani unabaki na robo ya mwanga. Kwa 0.5 unapoteza zaidi kidogo ya stopu moja. Kamera yako inapima hilo yenyewe, lakini ni vizuri kulijua ili usishangae. Kwa f/11 na ukubwa wa 0.5, anza hapa (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga, shata ni muda wa kupiga kwa sehemu ya sekunde):

Jua la asubuhi kupitia kitambaa: ISO 800, shata 1/320.
Mawingu mazito au kivuli kilicho wazi kwa anga: ISO 1600, shata 1/250.
Chini ya miti mizito ya Karura: ISO 1600 itakupa 1/30 tu. Hapo tumia stendi, au fungua hadi f/8 na upandishe ISO hadi 3200.

ISO 3200 yenye chembechembe ni afadhali mara kumi kuliko ISO 400 iliyotikisika. Chembechembe hupunguzwa baadaye, mtikisiko haufutiki.

Pima mwanga ukimfikiria kiwavi. Mweusi akijaza picha, kamera itadhani kuna giza na kumfanya wa kijivu: punguza theluthi mbili za stopu. Mwenye nywele nyeupe, ongeza theluthi mbili. Wa kijani juu ya jani la kijani, acha sifuri. Piga RAW (faili ghafi isiyobanwa na kamera) kama kamera inaruhusu, na weka rangi ya mwanga kwa mkono: kelvin 5500 juani, 7000 kivulini. Ukiiachia kamera, majani yote hayo ya kijani yataichanganya na picha mbili za dakika moja zitatoka na rangi mbili.

Upepo

Huyu ndiye adui mkubwa kuliko giza. Jani likisogea milimita 2 kwa 1:1, kiwavi ametoka kwenye fokasi.

Mbinu inayofanya kazi ni hii. Kwa mkono wa kushoto, shika kikonyo cha tawi kwa kidole gumba na cha shahada, sentimita 8 hadi 10 chini ya kiwavi. Kisha laza pipa la lenzi juu ya mkono huohuo. Sasa tawi, mkono na lenzi ni kitu kimoja: upepo ukipita, vyote vinayumba pamoja na umbali haubadiliki. Zima fokasi ya kujiendesha. Kupata ukali, usizungushe pete ya fokasi. Telezesha lenzi mbele na nyuma juu ya mkono, milimita kwa milimita, na ubonyeze kila macho yanapopita kwenye ukali. Kitambaa kinahitaji mkono wa tatu, kwa hiyo mwombe mwenzio akishike, au choma kipini chake ardhini na ukifunge kwenye tawi la jirani.

Stendi ya miguu mitatu haizuii upepo. Inazuia mikono yako tu. Ina maana pale kiwavi yuko kwenye shina gumu au kwenye gome la mti. Chini kabisa ardhini, mfuko mdogo wa kitambaa uliojazwa nusu kilo ya maharagwe makavu unashinda stendi yoyote.

Kuunganisha picha nyingi kupata ukali mwingi

Kiwavi aliyetulia asubuhi ya baridi, bila upepo, anakuruhusu kupiga picha kadhaa kila moja ikiwa na fokasi mbele kidogo ya nyingine, kisha kuziunganisha. Kwa 1:1 na f/8 kila picha ina kina cha milimita 1, basi songa milimita 0.6 au 0.7 ili zipishane. Kwa kina cha milimita 10 utahitaji picha kama 15. Helicon Focus na Zerene Stacker ni programu za kulipia. Hugin ni ya bure na ina zana za kufanya kazi hiyo. Kiwavi akisogeza kichwa katikati ya mfululizo, utapata vichwa viwili. Anza upya.

Ukiwa na simu

Simu nyingi za bei ya kati huja na kamera ndogo ya makro ya megapikseli 2. Iache. Picha yake haina undani wala rangi. Tumia kamera kuu: simama sentimita 12 hadi 15, kuza mara 2, kisha ukate picha baadaye. Simu inayotumia kamera ya picha pana yenye fokasi ya kujiendesha itasogea karibu zaidi, lakini angalia isijitie kivuli.

Lenzi ya kubana ya simu inafaa ikiwa ni ya kioo, si ya plastiki, na fokasi yake hukaa mahali pamoja tu, kati ya sentimita 2 na 10 kulingana na nguvu yake. Ipange katikati ya tundu la kamera kuu kwa uangalifu. Ikienda upande milimita 1, upande mmoja wa picha utakuwa umevutika. Bonyeza kioo kwa muda juu ya kichwa cha kiwavi hadi fokasi na mwanga vifungwe, teremsha mwanga kidogo, kisha sogeza simu yenyewe kupata ukali. Piga kwa kitufe cha sauti, maana kugonga kioo kunatikisa. Na kitambaa ni kilekile.

Wenye nywele na miiba

Hawa wanapendeza kuliko wote mwanga ukitoka nyuma yao: kila unywele unawaka kivyake. Jua la saa mbili liwe nyuma ya kiwavi, lakini lisiingie kwenye lenzi, na karatasi nyeupe imrudishie mwanga usoni. Hapo kitambaa hakihitajiki.

Usiwaguse. Nywele za baadhi yao huvunjika ndani ya ngozi na kuwasha kwa saa nyingi, na wengine wana miiba yenye sumu. Vaa mikono mirefu na uangalie tawi ulilopitisha kichwa chini yake. Ukiguswa, usisugue. Bandika selotepu mahali hapo na uibandue mara kadhaa ili itoe nywele, kisha osha kwa sabuni na maji. Nywele ikiingia jichoni, nenda hospitali moja kwa moja.

Usimtie kiwavi kwenye friji ili atulie, wala usimnyunyizie maji kujifanyia umande. Ukikuta vifuko vidogo vyeupe vimemng'ang'ania mwilini au kando yake, hivyo ni vya nyigu waliokulia ndani yake. Viache na uvipige picha. Ni sehemu ya maisha ya kiwavi.

Baada ya kupiga

Darktable na RawTherapee ni za bure kwa kompyuta, Snapseed inatosha kwenye simu. Rekebisha rangi ya mwanga kwanza, kisha shusha sehemu nyeupe zaidi, inua vivuli kidogo. Kijani usikikoleze. Kiwavi wa kijani juu ya jani la kijani hutenganishwa na tofauti ndogo ya rangi, na ukivuta kijani chote juu, tofauti hiyo inakufa na kiwavi anamezwa na jani. Ukali uongeze mwishoni, kwenye kichwa na nywele, usiupake mandharinyuma.

Kama unataka kiwavi atambuliwe, picha moja nzuri haitoshi. Piga ubavu mzima, mgongo kutoka juu, uso kutoka mbele, na mmea wenyewe pamoja na jani lake, kwa sababu mmea mara nyingi hutambulisha kiwavi kuliko rangi yake. Weka rula kando ya jani kwenye picha moja. Viwavijeshi wa mahindi walioingia Kenya mwaka 2017, *Spodoptera frugiperda*, ni mfano mzuri: alama ya Y iliyogeuzwa juu chini iko usoni, na vidoto vinne vyeusi vilivyopangwa mraba viko mgongoni karibu na mkia. Picha ya ubavuni haionyeshi hata kimoja, hata iwe nzuri namna gani. Ukiwa nazo zote nne, zipakie iNaturalist (tovuti na programu ya kutambua viumbe) pamoja na tarehe, jina la mmea na eneo ulipompata.